Hesabu ya kaboni isiishie kwenye shina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lisilopewa uzito unaostahili kila biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na misitu, inapojadiliwa mkoani kwetu Tanga, hasa tangu Serikali ilipotoa kanuni zake mwaka 2022. Mazungumzo yote huwa ni ya miti: imepandwa mingapi, ina unene gani, itauzwa kwa tani ngapi. Udongo anaoukanyaga mpimaji hautajwi, ilhali umebeba sehemu kubwa ya kaboni ya msitu.

Mti hutengeneza sukari kwa kaboni ya hewani na nguvu ya jua, kisha hutoa sehemu yake, pengine hadi asilimia 20, kwa kuvu zinazoishi mizizini, nazo huulipa kwa fosforasi, naitrojeni na maji ambayo mizizi peke yake isingeyafikia. Kaboni hiyo husambaa udongoni kupitia nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyuzi hizo zinapokufa, baadhi ya mabaki yake hushikamana na chembe za mfinyanzi na kudumu humo kwa miongo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba mimea ya dunia nzima huzipa kuvu hizo kaboni inayolingana na tani bilioni 13 hivi za hewa ya ukaa kila mwaka. Si yote inayobaki ardhini, na atakayeiuza kana kwamba yote imebaki atakuwa anauza upepo.

Misitu yetu haifanani katika jambo hili. Kule kwenye msitu wa mvua wa Amani, milimani Usambara, miti mingi hushirikiana na kuvu zisizotoa uyoga, zinazoingia ndani kabisa ya mizizi, hata mtu akatembea kutwa asizione. Katika miombo, yaani misitu ya nchi kavu, ya Handeni na Kilindi, miti ya mrihi na mtondoro hushirikiana na kuvu za kundi jingine, zinazovika ncha za mizizi kama soksi, na nyingi kati ya hizo ndizo zinazotoa uyoga wa porini wakati wa mvua. (Uyoga wa kwenye vichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa.) Mirihi ikikatwa na kung'olewa yote, uyoga wake hutoweka, kwa kuwa hakuna tena wa kuulisha.

Ndiyo maana siafiki eneo la miombo lifyekwe, lichomwe na kulimwa ili lipandwe misaji (mitiki), kisha liitwe hifadhi ya kaboni. Misaji hutumia kuvu za kundi lile la Amani, hivyo zile za mrihi hubaki bila mwenyeji. Mabwana misitu wa zamani walilijua hili kwa vitendo: misindano ilipoletwa katika nchi kadhaa za Afrika, miche ilidumaa vitaluni hadi ilipowekewa udongo wenye kuvu zake.

Mrihi huchipua kutoka kwenye kisiki, na kisiki hai huendelea kuzilisha kuvu zake. Kwa hiyo napendekeza kila mkataba wa kaboni utakaosainiwa na kijiji ukataze kung'oa visiki, uagize udongo upimwe walau hadi sentimita 30 kabla ya kazi kuanza na kila baada ya miaka michache, na matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla ya malipo kugawanywa.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga