Enyi mliotoka gerezani, ujumbe mliopewa mmeufikisha?

Vijana wangu,

Assalaam alaykum. Na nyinyi mliookoka humo ndani, Bwana asifiwe. Nawaandikia nyote kwa barua moja kwa sababu humo hamkutengana: mlilala ubavu kwa ubavu, mkageuka kwa zamu, na mkahesabiwa pamoja mmechuchumaa.

Wengi mnanijua, mzee wa darasa la Alhamisi. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiingia gereza la hapa kwetu Tanga na msahafu na chaki, na dini ya gerezani sijawahi kuicheka. Uraiani wapo wanaoicheka: "Ah, wakifungwa wote wanakuwa masheikh." Waache waseme. Mimi nimemwona mtu mzima, mpakuzi wa magari, mabega kama mlango, akijifunza alifu kwa kidole, na siku tulipofika kwenye sura ya Wadhuha, pale Mola anapomwambia Mtume wake kwamba hakumwacha wala hakumkasirikia, akafunika uso kwa shati la gereza na darasa likasimama. Mtu yule hakuwa anaigiza. Ameachwa na mke, ameachwa na ndugu, wakili hana, halafu anaambiwa yupo ambaye hajamwacha. Mngetaka afanye nini?

Kwa hiyo sina ugomvi na mlichokipata ndani. Nina ugomvi na mnachokifanya mkishavuka geti.

Mwaka huu alitoka mmoja wenu. Simtaji, akisoma atajijua. Alikuwa mwanafunzi wangu mzuri, sauti tamu, Yasini yote kichwani. Usiku wa kuamkia kuachiwa, mwenzake wa selo moja, mahabusu wa kesi ya wizi wa betri ya gari, alimkalisha akampa ujumbe. Ulikuwa mfupi: nenda stendi ya Muheza, muulizie mama yangu anayeuza machungwa, mwambie niko huku, sijaenda machimboni Mererani, mwambie dhamana iko wazi, wanatakiwa wadhamini wawili wenye barua ya mtendaji na kitambulisho cha NIDA, amwone mjomba. Basi. Simu ya mama ilikuwa haipatikani, na huyo kijana hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

Mbeba ujumbe akatoka. Ijumaa ya kwanza akasimamishwa msikitini baada ya swala aeleze alivyoongoka. Watu wakatoa takbira, wakamchangia. Ijumaa iliyofuata msikiti mwingine. Nami nilikuwepo kwenye mmoja wapo, nimekaa nyuma, namsikiliza. Kijana aliyefungwa kwa misokoto ya bangi sasa alikuwa jambazi sugu aliyetikisa mkoa, na usiku wa mwanzo gerezani alikuwa ameona nuru imeingia dirishani. Selo ile naijua. Haina dirisha upande huo.

Huku nyuma mwenzake anapandishwa karandinga, anapelekwa mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tena baada ya wiki mbili, anarudishwa. Mvua za masika zilimkuta ndani, na za vuli zikamkuta ndani. Alikuwa ananiuliza kila Alhamisi: "Mwalimu, Muheza kuna nini? Mbona mama haji?" Alipoacha kuuliza na kuanza kutazama sakafu, nikamtaka anieleze vizuri, akanieleza. Nikapanda Coaster kesho yake.

Mama nilimpata kabla sijamaliza kuuliza. Anakaa karibu na mlango wa stendi, machungwa ameyapanga mafungu mafungu juu ya gunia. Nilipomwambia mwanawe yuko wapi hakulia wala hakuuliza kaiba nini. Aliuliza, "Anakula?" Kisha akaanza kuyarudisha machungwa kwenye tenga, moja moja, ingawa jua lilikuwa bado juu. Miezi yote ile alijua mwanawe yuko machimboni na amemsahau. Jirani zake walikuwa wameshamwambia aache kumngoja.

Siku ya kutajwa kesi mjomba alikuja na jirani, barua mkononi, wakasaini bondi, na alasiri kijana alikuwa nje akiingojea kesi yake kwao. Kazi yote hiyo ni nauli ya Muheza kwenda na kurudi na nusu siku ya maneno.

Nilimngojea yule msemaji wetu nje ya msikiti, pale penye viatu. Nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu, nilisahau, mambo yalikuwa mengi." Yasini aya themanini na tatu anaisoma bila kukosea, sentensi nne za mwenzake zimemtoka!

Someni tena habari ya Nabii Yusuf, na nyinyi wakristo mnayo hiyo hiyo katika Mwanzo. Mnaipenda sana, kila mfungwa anaipenda, kwa sababu mwisho wake mfungwa anakuwa waziri. Lakini mnairuka sehemu inayowahusu. Yusuf alikuwa anamwomba Mungu, na papo hapo akamtuma mtu: yule mnyweshaji wa mfalme, mfungwa mwenzake aliyekuwa anatoka, akamwambia unitaje kwa bwana wako. Subira haikumzuia kutafuta njia. Mnyweshaji akatoka, akarudishiwa kikombe chake, akasahau. Qur'ani inasema Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Biblia inasema miaka miwili mizima. Miaka hiyo haikuongezwa na hakimu wala na mke wa mheshimiwa. Iliongezwa na mfungwa mwenzake aliyenogewa na uhuru. Mnajiita akina Yusuf wote. Akina mnyweshaji wako wapi basi?

Na mtazameni Yusuf mwenyewe baada ya kutoka. Siku anakutana na baba yake anasema Mungu alinifanyia hisani aliponitoa gerezani, halafu anaendelea na mengine. Kisima hakukitaja kabisa, maana ndugu zake waliomtumbukiza walikuwa wamesimama pale pale. Huo ndio ushuhuda wa mtu aliyepona. Hakuzunguka Misri nzima akiongeza chumvi.

Sitawalaumu nyinyi peke yenu, maana waliowapandisha juu ni sisi wazee. Jamii yetu inampenda mfungwa aliyetubu kwa muda wa mahubiri; akiomba kazi Jumatatu, kila duka lina mtu tayari. Kila Ramadhani inakuja misafara na katoni za sabuni na tende, na picha zinapigwa kabla katoni hazijafunguliwa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Insan amewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa huku wakisema: hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Hakuna mahali paliposema wapige picha. Na Injili inasema, nalikuwa kifungoni, mkanijia. Kuna watu wako ndani kwa sababu walihukumiwa faini au kifungo, na faini ikawashinda, ni pesa isiyofika bei ya kipaza sauti kimoja cha msikiti wetu. Kuna wengine dhamana iko wazi mwaka mzima, kinachokosekana ni mtu wa kwenda kwa mtendaji. Tunachangia minara, tunachangia makongamano. Waliotoka kwa msamaha wa Rais Aprili 26 au Desemba 9 wanaonyeshwa kwenye taarifa ya habari wakibeba vifurushi vyao, sisi tunasema alhamdulillahi, tunabadilisha chaneli. Nani anauliza wanalala wapi usiku ule?

Mengine nayataja tu, maana nimekwisha kuyasema darasani. Aliyekukosea hadi ukafungwa, usimwendee mwezi wa kwanza. Uliyemkosea wewe, mwendee, hata kama hatakufungulia mlango. Ufundi wa useremala au ushonaji uliojifunza humo ni riziki, usiuonee aibu. Swala usipunguze. Usikope kwa ajili ya sherehe ya kurudi.

Na ukijikuta unachuchumaa kila anapopita mtu mwenye kombati, au unaamka usiku unangoja ruhusa ya kwenda msalani, usidhani umerukwa na akili. Nimewaona wengi hivyo, watu wazima na wake zao hawaelewi. Hupungua polepole. Mwambie mkeo, usimfiche. Zungumza pia na uliyekuwa naye ndani, maana yeye peke yake ndiye hutahitaji kumwelezea.

Hapo ndipo ninapotaka mfike. Mlichokipata ndani hamkukipata peke yenu. Mmoja alikusomea barua ukiwa hujui kusoma. Mwingine alikupa nusu ya ugali wake ukiwa na homa. Mwingine alikuamsha alfajiri usipitwe na swala. Hao bado wako humo. Mtu akiniambia imani imemwingia, siku hizi simuulizi amehifadhi sura ngapi. Namuuliza, nani alikutuma, na umefika?

Aliyechelewa aende hivyo hivyo. Asiogope kuulizwa alikuwa wapi. Akiulizwa, ajibu kwa kifupi, aseme alichotumwa. Akikuta wamehama, aulize kwa balozi wa nyumba kumi au kwenye duka la karibu, watu wa kwetu hawapotei. Asiye na nauli aje Alhamisi kabla sijaingia, huwa nakaa kwenye benchi la wageni nje ya geti na begi jeusi. Tutachanga.

Kwa sasa ninao ujumbe wa watu watatu ambao ndugu zao hawajui waliko: mmoja wa Pongwe, mmoja wa Korogwe, na mmoja wa Mtae kule juu Lushoto. Pongwe nitakwenda mwenyewe. Wa Korogwe kesi yake inatajwa wiki ijayo na dhamana yake iko wazi, kwa hiyo anayekwenda upande huo kabla ya Jumatano anitafute. Mtae miguu yangu haiwezi tena ile milima, nataka kijana.

Mwalimu wenu wa Alhamisi,
Tanga