Ufagio Ule Ulioko Kwenye Picha

Montreal, Kanada

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakufika ukiwa buheri wa afya, wewe pamoja na mkaza mjomba na wote waliomo nyumbani. Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu haina simile.

Mama amenieleza kwa simu kwamba ile picha niliyoituma mwezi uliopita imekutia unyonge, na kwamba ulipoiona ulimwuliza iwapo nilivuka bahari zote hizi ili nije kuwafagilia watu barafu. Naomba nikuondolee shaka. Kazi yangu ni ileile ya hesabu za ghala, na ufagio ulioniona nao si wa kibarua bali ni wa mchezo. Tena ni mchezo ambao wewe, uliyeshika usukani wa jahazi kwa miaka thelathini, utauelewa upesi kuliko nilivyouelewa mimi.

Huitwa kelingi. Huchezwa juu ya njia ya barafu yenye urefu wa karibu mita 45 na upana usiozidi mita 5, ambayo mwishoni mwake, huku na huku, yamechorwa maduara ndani ya maduara yanayoitwa nyumba. Timu mbili za watu wanne wanne hupokezana kutelezesha mawe ya mviringo yenye mshikio juu, kila mchezaji mawe mawili, na yote 16 yakishakwenda, timu ambayo jiwe lake liko karibu zaidi na kitovu ndiyo inayojipatia alama. Jiwe hilo ni la itale, aina ya mwamba mgumu sana, na uzito wake haufiki kilo 20, yaani karibu sawa na debe lililojaa maji. Itale iliyo bora huchimbwa Ailsa Craig, kisiwa kidogo kilichoko nje ya pwani ya Uskoti.

Sasa nije kwenye ufagio. Kabla ya mchezo, mtunza barafu hunyunyiza matone ya maji ambayo huganda yakawa vipele vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo likigusa kwa ukingo mwembamba tu wa tumbo lake. Anayelirusha huuzungusha mshikio kidogo anapoliachia, ndipo njia yake ikapinda. Wawili kati ya wenzake hukimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa nguvu zao zote, na msuguo huo huipasha joto kidogo sana, kiasi kwamba jiwe hufika mbali zaidi na kupinda kwake hupungua. Nilipoambiwa hayo mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Lakini nimeona kwa macho yangu jiwe lililokwisha kukata tamaa likisindikizwa na fagio mbili hadi kitovuni.

Wa nne husimama kule mwisho, ndani ya nyumba, akiisoma barafu na kuwaelekeza wengine wapi walenge, lini wafagie na lini waache. Cheo chake kwa lugha yao ni kifupi cha neno lenye maana ya nahodha. Hapo ndipo nilipokukumbuka.

Chama ninachokwenda kina jengo lake katika barabara ya De Maisonneuve, katikati ya mji, nacho kilianzishwa mwezi Januari mwaka 1807 na wanaume 20, wengi wao wafanyabiashara wa asili ya Uskoti, waliokutana katika mkahawa mmoja wa mji huu. Hakuna chama cha michezo katika Amerika ya Kaskazini ambacho ni kikongwe kuliko hiki na kingali hai, na baadaye kiliruhusiwa kujiita cha Kifalme. Watu hao walikuwa wahamiaji kama mimi, Mjomba. Walikuta mto Saint Lawrence umeganda kutwa na kucha miezi mizima, wakaukumbuka mchezo wa kwao, wakakubaliana kucheza kila Jumatano mchana, na wakaandika katika kanuni zao kwamba upande utakaoshindwa utalipia bakuli la wiski iliyochanganywa na maji ya moto, liwekwe katikati ya meza.

Kilichowapungukia ni mawe. Itale ya kwao ilikuwa mbali, kwa hiyo Montreal na jimbo lote la Quebec watu walichezea vyuma vilivyosubiwa, yaani vilivyoyeyushwa na kumiminwa, mfano wa birika, vingine vizito kupita kilo 25. Wanasimulia kwamba askari wa Uskoti waliokuwa Quebec mwaka 1759 ndio waliotangulia, kwa kuyeyusha risasi za mizinga. Mimi nakichukua kisa hicho kama tunavyovichukua visa vya mabaharia, kwa tabasamu. Lililo hakika ni kwamba vyuma viliendelea kutumika huku hadi miaka ya 1950, wakati sehemu nyingine za nchi zilikwisha kuhamia kwenye itale zamani. Wanawake nao hawakungoja kukaribishwa mezani, kwani mwaka 1894 walianzisha chama chao wenyewe papa hapa Montreal, cha kwanza cha aina hiyo katika bara hili.

Siku hizi msimu huanza majani yanapopukutika na kwisha theluji inapoyeyuka. Jioni za kazi kuna ligi, siku nyingine kuna masomo ya wanaoanza, na mara kwa mara hualikwa vyama jirani kwa mashindano ya siku mbili tatu. Mimi nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu, mzee wa makamo aliyechoka kuniona nikirudi chumbani kila jioni. Siku ya kwanza nilianguka mara nne, maana kiatu kimoja huwa na soli ya kuteleza makusudi, na kiwiko changu kilivimba wiki nzima. Hakuna aliyecheka, au angalau hakuna aliyecheka nikimwona.

Jambo lililonishangaza zaidi ni adabu yao. Watu hupeana mikono kabla na baada ya mchezo, na katika michezo yetu hakuna mwamuzi: aliyeligusa jiwe kwa bahati mbaya husema mwenyewe. Kisha wote huketi meza moja, na kanuni ile ya 1807 imegeuzwa kichwa chini, kwani sasa mshindi ndiye anayemnunulia aliyeshindwa kinywaji. Changu ni chai, na wamekwisha kunizoea. Kwa kuwa timu yangu hushindwa mara nyingi, sijainunua bado.

Nahodha wetu nimemhadithia habari zako, naye amenituma swali. Anataka kujua ulikuwa ukiutambuaje mkondo wa pale mlangoni mwa mto Pangani kabla jahazi halijaufikia, ikiwa ni kwa rangi ya maji, kwa mawimbi au kwa kitu kingine. Tafadhali mwambie Mama akuandikie jibu, nami nitamfasiria Alhamisi tutakapokutana.

Nisalimie wote.

Mpwa wako