Kesi aliyoshindwa Perry Mason

Shoga yangu Mwanahawa,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mimi mzima, ni huu ubaridi tu na zamu za usiku. Bado niko palepale kwenye nyumba ya wazee, nje kidogo ya Minneapolis. Siku hizi nimepangiwa mzee mmoja ambaye hapati usingizi mpaka amwone Perry Mason, yule wakili wa kwenye runinga. Ukitaka kuzima runinga kabla kipindi hakijaisha, anaikumbatia rimoti kifuani kama mtoto na andazi lake.

Wewe wakili utacheka. Kipindi chenyewe cha zamani, karibu chote ni picha nyeusi na nyeupe. Kilianza kuonyeshwa hapa Marekani mwaka 1957 kikaisha 1966, jumla sehemu 271. Aliyembuni huyo Mason, Erle Stanley Gardner, alikuwa wakili hasa kabla hajageukia hadithi. Lakini kila usiku ni yaleyale: mtu mwenye maadui tele anauawa, polisi wanamkamata asiyehusika, Mason anamtetea. Mwendesha mashtaka, Hamilton Burger, anakuja na ushahidi wa kumtosha mtu kunyongwa mara mbili. Mason anamsimamia shahidi, anauliza, anauliza tena, hata mtu anapasuka palepale mahakamani na kukiri kuwa muuaji ni yeye. Najua utasema hilo hujaliona tangu uapishwe. Na kesi zenyewe nyingi si kesi kamili, ni uchunguzi wa awali mbele ya hakimu peke yake, ndiyo maana wale wazee wa baraza kumi na wawili huwaoni mara kwa mara.

Inasimuliwa kuwa mama mmoja alimuuliza Raymond Burr, aliyeigiza Mason, mbona hashindwi hata siku moja. Akajibiwa kuwa yeye anaziona zile za Jumamosi tu, maana kipindi wakati huo kilikuwa kikionyeshwa Jumamosi.

Basi juzi mzee akaniambia, "Vuta kiti. Leo anashindwa."

Nikadhani ananitania. Kumbe kweli! Kinaanza pale vingine vinapoishia: wazee wa baraza wana jibu lao (na wa huku hawamshauri hakimu, wanaamua wenyewe) na jibu ni kwamba mshtakiwa ana hatia. Mshtakiwa ni Janice Barton, ameigizwa na Julie Adams. Hukumu yake ni kuuawa kwenye chumba cha gesi. Mimi nikasubiri Mason azinduke usingizini, nikijua lazima itakuwa ndoto. Wapi! Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1963, nami nikaenda kuitafuta siku hiyo kwenye kalenda. Ilikuwa Alhamisi. Burr hakumdanganya yule mama.

Mzee wangu aliitazama usiku uleule, kijana wa miaka kumi na tisa. Anasema mama yake aliacha vyombo, akaja kusimama mlangoni na mikono imejaa povu, asiseme kitu mpaka mwisho.

Unajua kilichomwangusha Mason? Wala si kwamba Burger alikuwa hodari kuliko siku zote. Mteja mwenyewe alimficha. Kulikuwa na jambo kubwa Janice alilijua, akalifungia moyoni, wakili wake akaingia mahakamani mikono mitupu. Baadaye Mason anachimba mpaka anampata muuaji na Janice anaponea chupuchupu, ila hapo mimi nilikuwa nakodolea macho runinga tu, sioni kitu.

Nilikuwa nakuona wewe, siku ile tunatoka baraza la ardhi, umeshika viatu mkononi kwa ajili ya matope. Ukaniambia, "Rehema, nisamehe, nimekuangusha." Nami nikakupigapiga bega, nikakwambia yamekwisha.

Mwanahawa, hukuniangusha. Ile karatasi waliyoitoa wenzetu siku ya mwisho, iliyokutoa jasho mbele ya watu, mimi nilikuwa naijua. Marehemu baba aliiandika kwa mkono wake, akamuuzia jirani upande ule wenye mnazi. Nakala yake niliikuta wiki ya matanga, ndani ya koti lake. Uliponiuliza ofisini kwako kama kuna maandishi yoyote, nilikutazama usoni nikasema hakuna. Nilimwonea baba haya, kuuza kisirisiri vile, mama hana habari. Nikajipa moyo kwamba pengine na jirani wameshaipoteza ya kwao. Wewe ukasimama siku nzima unaapa kiwanja hakijawahi kuguswa.

Nakala bado ipo, kwenye sanduku la bati chumbani kwa mama, chini kabisa ya kanga zake za kisutu. Sikuambii haya ili ukate rufaa, muda wenyewe umeshapita. Ila ulikuwa ukisema tangu siku ile unaziogopa kesi za ardhi, na mara mbili umewarudisha watu waliokuja na mashauri yao, nami nanyamaza tu kwenye simu.

Usiniandikie kuwa si kitu. Nipigie unigombeze. Zamu yangu inaisha saa moja asubuhi ya huku, kwenu saa kumi jioni. Nitakuwa kituoni nangoja basi.

Shoga yako,
Rehema