Barua kwa mdogo wangu wa studio: kupunguza sauti hakunisaidii

Mdogo wangu,

Uliponitumia wimbo wako mpya nikakujibu "mzuri" tu, ulinuna. Ulitaka maelezo, basi haya hapa. Nayaandika hadharani kwa sababu wenye masikio kama yangu, yanayoumizwa upesi na sauti, ni wengi na si wote wana ndugu studio. Na watayarishaji wa muziki, ninyi mkiambiwa "wimbo wako unaniumiza" mnadhani mmetukanwa.

Wimbo ni mzuri kweli. Mashairi yamekaa, mwimbaji ametulia, gitaa la mwanzo limenifanya niache nilichokuwa nafanya. Ila sikufika kiitikio cha pili. Na kabla hujasema "si ungepunguza sauti," nilipunguza. Maneno yakapotea, gitaa likazama, matoazi yakabaki yananichoma vilevile. Nikawa nasikiliza wimbo ambao kilichobaki kusikika ni kile kile kinachoniumiza.

Sikio halipokei masafa yote kwa usawa. Kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) hadi 20,000 hivi, lakini sikio huwa jepesi kuliko kote kati ya 2,000 na 5,000. Tundu lake lenyewe, kwa umbo na urefu wake, hukuza sauti zilizo karibu na 3,000. Na ninyi mnapapenda hapohapo. Mkitaka mwimbaji "atoke mbele" mnapandisha hapo, mkitaka makofi yakate mnapandisha hapo, halafu gitaa nalo linaongezewa lisije likafunikwa. Msikilizaji mwingine anaona wimbo umechangamka. Mimi nasikia watu watatu wanagombania tundu moja la sikio.

Jambo la pili ni ule ukimya wako kabla ya kiitikio. Unazima kila kitu, unahesabu, kisha ngoma, besi na matoazi vinaangushwa kwa mpigo mmoja. Najua kwa nini mnafanya hivyo, ukumbini watu hupiga kelele za furaha. Lakini ndani ya sikio la kati kuna misuli midogo ambayo hukaza sauti kubwa inapoingia, ili kupunguza nguvu yake, nayo huchelewa sehemu ndogo ya sekunde. Pigo la ghafla huwa limeshapita. Kushtuka ni kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba wewe ukirudia wimbo mara ya pili mwili umeshazoea, wangu unashtuka upya. Mabega yanapanda, moyo unakwenda mbio, na ubeti unaofuata siusikii kwa sababu nasubiri pigo jingine.

Halafu ile sintesaiza, kinanda chako cha umeme, inayokwaruza. Sauti ambayo nguvu yake inapanda na kushuka kwa kasi ya mara 30 hadi 150 kwa sekunde, ubongo huisikia kama mparuzo. Mayowe ya binadamu yana mparuzo huohuo, na ving'ora vya hatari vingi vinao pia, kwa makusudi, ili usiweze kuvipuuza. Wewe umeuweka chini ya kiitikio chote kama pambo. Sikatai, unaleta msisimko. Lakini kuna mtu anayeambiwa "kimbia" kwa muda wote wa kiitikio huku mwimbaji anamwambia anampenda.

Usidhani wote tunaumizwa na vitu vilevile. Wapo wenye usonji. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, umeweka namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso miongoni mwa dalili zinazotazamwa. Wapo wa kipandauso, ambao siku kichwa kikiamka hata wimbo wanaoupenda hawautaki. Wapo wenye misofonia, jina lililotolewa na Margaret na Pawel Jastreboff mwaka 2001: hawa ngoma haiwasumbui sana, huchukizwa na sauti mahususi, mara nyingi za mdomo na pumzi, hata zikiwa ndogo. Ule mnong'ono wa mwisho, mdomo umegusana na maikrofoni na kila mate yanasikika, ni mtulivu kuliko sehemu zote za wimbo. Kwao ndiyo sehemu mbaya kuliko zote.

Na kuna wanaokwenda upande wa pili kabisa, wanaotafuta besi waisikie kifuani, wanaoegemea spika na kutulia. Mimi mwenyewe nina wimbo wa ngoma nzito ninaourudia kutwa. Hauniumizi kwa kuwa najua kila pigo linakaa wapi. Kwa hiyo sikuombi utunge bembelezi.

Ushauri wa vizibo vya masikio nimeshaupata kwa wengi, asante. Ukivivaa kutwa nzima, hata mahali palipo kimya, sikio huzidi kuwa jepesi, na wataalamu wa usikivu hukataza. Ni vya mahali pa kelele.

Kuhusu kompresa, kile chombo cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, sitasema mengi, maana tukianza hatumalizi. Umeubana wimbo hadi mnong'ono na kiitikio vinakaribia kuwa na ukubwa mmoja, ili usikike mkubwa kuliko wa wenzako. Majukwaa makubwa ya kusikiliza muziki husawazisha ukubwa wa sauti siku hizi. Wimbo uliobanwa hushushwa ulingane na mingine, na unachobaki nacho ni wimbo usio na mahali pa kupumua. Hapo hata wenye masikio ya kawaida wanachoka, ila hawajui wamechoshwa na nini.

Ninachoomba kinawezekana kwa jioni moja, kama bado una vipande vyote kwenye kompyuta. Shusha kidogo pale kwenye 3,000, kisha punguza makali ya matoazi na ya zile "s" za mwimbaji zinazopiga mbinja. Kabla ya kiitikio acha ngoma moja ibaki inatembea, ili mwili ujue kitu kinakuja. Makofi yanayoruka sikio la kushoto kwenda la kulia yaweke katikati. Kwenye hedifoni yananitia kizunguzungu. King'ora cha utangulizi kitoe kabisa, hicho sina mjadala nacho, kuna watu wataruka kuangalia dirishani.

Miksi yako ya kwanza, yaani huu mchanganyo wa sauti ulionitumia, usiifute. Ya ukumbini ibaki ya ukumbini. Toa hii ya pili pembeni yake, uipe jina linaloeleweka, mtu achague. Ukiimaliza nitumie pamoja na dakika na sekunde kiitikio kinapoingia, niusikilize hadi mwisho kisha nikuambie ninavyouona ubeti wa tatu, ambao mpaka sasa sijui unasema nini.

Ndugu yako