Asante sana kijana wa Tingatinga pale Oysterbay
Kijana uliyekuwa unachora tembo pale kwa wachoraji wa picha za Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam, jina sikukuuliza ila nakushukuru mno mwanangu. Mimi ni yule mama mwalimu mstaafu, nilipita kuangalia tu, wewe ukanivutia kigoda ukanielekeza bila haraka yoyote, kwamba hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuchorea, inapakwa kwanza rangi ya nyuma, inaachwa ikauke kabisa ndo unachora mnyama, na rangi ni hizi hizi za mafuta za dukani kama alizotumia mzee Edward Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha uchoraji huu, mwaka ule wa 1968. Ukanishika mkono nikaweka madoa ya chui, moja moja na ncha ya brashi, jamani nilifurahi! Sasa hivi kibarazani kwangu kuna picha za chui na ndege kanga zinakauka na wajukuu wanazigombania. Mungu akubariki sana baba, nakuja tena unifundishe twiga.