Jirani, jarida la mjomba lisipande ndege

Jirani, habari za Langas? Huku tuko salama, baridi tu ndio imeanza kutukumbusha kwamba sisi si wa hapa.

Picha ulizonitumia kwa Wasap nimeziona na bana usiku huo nilichelewa kulala. Sports Illustrated, lile jarida la michezo la Marekani, ya Desemba 1987, ile ya Wanamichezo wa Mwaka! Na mjomba wako, Mungu amrehemu, kaiweka miaka yote hiyo chini ya masufuria ya harusi na panya hawakuigusa. Nimekuelewa, unataka uiweke kwa posta inifikie, mimi niizungushe huku Marekani kwa wanamichezo wote wanane waliochaguliwa mwaka huo watie sahihi, nikurudishie. Wazo ni tamu. Lakini hesabu safari kwanza. Kipchoge Keino, mkimbiaji wetu, uko naye hapo Eldoret, mtoe. Bob Bourne wa hoki naye alifariki 2024, Mungu amrehemu. Wanabaki sita: Dale Murphy wa besiboli, Judi Brown King yule wa mbio za kuruka viunzi mita 400 aliyechukua medali ya fedha Olimpiki ya Los Angeles 1984, Patty Sheehan wa gofu, Rory Sparrow wa basketi, na Reggie Williams na Chip Rives wa futiboli ya Kimarekani. Kila mmoja ni kwenda na kurudi, hizo ni safari 12, na bado hujaweka ya kutoka kwako kuja kwangu na ya kurudi. Karatasi ya 1987 imeshikwa na pini mbili tu mgongoni, na kila sahihi inayoongezeka ndio jarida linazidi kuwa ghali, kwa hivyo ile safari ya mwisho ndiyo utakuwa umebeba mali nyingi zaidi. Hapana jirani.

Sikuambii haya kwa kusikia. Mara ya kwanza mimi kutuma jarida lilikuwa la ndondi, kwa bondia mmoja mstaafu. Nililifunga vizuri sana la kwenda, plastiki, kadibodi juu na chini, najisifu mwenyewe. La kurudi nikamwekea bahasha ya khaki nimeikunja mara mbili, basi, sikumwachia hata neno. Mzee wa watu akasaini, akalirudisha ndani ya plastiki wino bado mbichi, akafunga na selotepu aliyokuwa nayo. Lilipofika nikaketi kwa meza ya jikoni nikaanza kuvuta polepole, nikasikia krrrr, selotepu imeingia chini ya mdomo wa plastiki na imeng'oa jalada kipande kama kidole, hadi weupe wa karatasi ukaonekana. Na nusu ya sahihi iko kwa plastiki, imegeuka kama ya kwenye kioo. Makosa yangu yote. Mtu anakufanyia hisani, hana kadibodi nyumbani wala hajui unavyolipenda, atalirudisha vile ulivyomrahisishia.

Tangu siku hiyo nafunga la kurudi kwanza. Nakata kadibodi mbili kubwa kuliko jarida kama upana wa kidole kila upande, mistari ya moja iende wima na ya nyingine ilale, ukizibana pamoja hazikunjiki kirahisi. Tepu natumia ile ya mafundi rangi, inabanduka bila vita, na mwisho wake naukunja kidogo uwe sikio la kuvutia. Bahasha ya kurudi naiweka bila kuikunja, jina langu na stampu ziko tayari juu. Hapo ndipo stampu za Kenya hazikusaidii, barua ikitoka Marekani inataka stampu za Marekani. Halafu kikaratasi: tafadhali saini hapa, acha wino ukauke dakika kumi, asante sana. Hicho kikaratasi nakibandika kwa plastiki, kamwe si kwa jarida lenyewe.

Plastiki nayo usidanganyike. Zile laini za faili zinazonuka kama pazia jipya la bafu zina PVC, plastiki aina ya vinyl, zikikaa na wino kwa joto zinashikana nao. Tafuta ile kavu inayolia ukiikunja, najua tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki 2017 watu wa steshenari wanakuangalia vibaya ukiuliza, lakini uliza tu.

Ukifika posta ya huku kuna mtego mwingine, kuna huduma ya bei rahisi ya vitabu inaitwa Media Mail, kila mtu atakushauri hiyo. Haikubali majarida yenye matangazo na wana haki ya kufungua waangalie, na wewe umeona hiyo yako, sigara na bia ukurasa kwa ukurasa! Mimi nalipa Priority, huduma yao ya haraka, ina namba ya kufuatilia na bima ya dola 100 ndani yake. Inauma mfukoni, ndio.

Sasa sikia vile nimepanga. La mjomba likae hapo hapo. Hiyo stika ya anwani ya mjomba kwa jalada usiibandue, wanunuzi hawaipendi lakini wewe si muuzaji, na ukiibandua itaondoka na karatasi. Vaa shati safi, upeleke mwenyewe kwa Mzee Keino kwa mkono, uombe kwa adabu kupitia watu wake, na ufungue ukurasa wake kabla hujamfikia ili asihangaike. Alichaguliwa kwa ajili ya wale watoto yatima yeye na Mama Phyllis walikuwa wakilea hapo Eldoret, si kwa mbio peke yake, kwa hivyo nenda na unga au sabuni za watoto, usiende mikono mitupu ukiomba sahihi tu.

Mimi nitanunua nakala nyingine huku, nianze na barua tupu za kuuliza nani anakubali kusaini, na sitazituma majumbani kwao, ni kwa timu za zamani na mashirika yao. Wakikubali wawili au watatu nashukuru. Hiyo nakala nitaibeba Desemba ndani ya begi la mkononi, kati ya laptopu na zile nguo za mtoto, na Mzee Keino awe wa mwisho kusaini, tukiwa pamoja.

Kwa sasa nipimie hilo la mjomba kwa rula, urefu na upana, nikutumie plastiki ya saizi yake na dada yangu anayekuja mwezi ujao. Na litoe kwa masufuria.

Msalimie mama watoto.

Jirani yako wa mlango wa bluu