Mnasihi asiwe mshika fimbo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Shule zetu nyingi humkabidhi mwalimu wa nidhamu kazi ya unasihi pia. Asubuhi anachapa, mchana anamwambia mwanafunzi yuleyule, "Haya, nieleze kinachokusumbua." Nani atasema?

Tuliosomea unasihi, yaani kazi ya kumsikiliza na kumshauri mtu, tunamfahamu mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani. Alianza chuo kwa kusomea kilimo, akaingia seminari New York, kisha akahamia saikolojia. Kuanzia 1928 alihudumia watoto wenye matatizo mjini Rochester kwa takriban miaka 12. Huko alimpokea mama mwenye mtoto mtukutu kupindukia. Rogers aliamini chanzo ni mama kumkataa mwanawe tangu udogoni, akajitahidi kumwonyesha hilo, lakini wapi. Wakakubaliana waishie hapo. Mama alipokaribia mlango akageuka, akauliza kama wanapokea na watu wazima. Akarudi kuketi, akamwaga ya moyoni kuhusu ndoa yake, mambo yasiyofanana na yale aliyokwisha kueleza. Safari hii Rogers alimwacha mama aongoze mazungumzo, yeye akasikiliza. Baadaye hata mtoto akatulia.

Najua mwalimu mwenye mikondo mitatu ya kufundisha hana muda wa kusikiliza hivyo. (Madaftari ya kusahihisha nayo yanamsubiri.) Ndiyo maana nashauri mnasihi apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango unaofungika, si kona ya ofisi ya walimu, na asihusishwe kabisa na adhabu. Wizara iliangalie hili kabla ya muhula ujao.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro